Kozi za Haraka na Lugha ya Mtoto: Mfano wa Kwale

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikusudia kuifikisha Tanzania kwenye elimu ya msingi kwa wote ifikapo Novemba 1977. Vyuo havikuweza kutoa walimu kwa kasi hiyo; kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta na redio. Nchini Kenya, haja ya walimu wa Kiswahili iliongezeka mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipolifanya somo hilo kuwa la lazima na la kutahiniwa.

Je, kozi ya haraka huacha nini? Kwale yatupa jibu. Kutoka Diani na Msambweni hadi Vanga, mtoto huja darasani na Chidigo, Kichifundi au Kivumba. Chidigo hutumia chi- pale Kiswahili sanifu kinapotumia ki-. Mwalimu aliyepewa orodha ya makosa pasipo sababu zake ataiona chi- kuwa kosa tu. Aliyepata saa mbili za ulinganishi wa ngeli ataifanya ngazi ya kuufikia usanifu.

Wala hatuwezi kusingizia uhaba wa maarifa: H. E. Lambert alichapisha Ki-Vumba mwaka 1957 na Chi-Chifundi mwaka 1958.

Ufupi wa kozi si aibu. Aibu ni kupunguza pasipofaa. Mwalimu wa hisabati haruki kujumlisha akaanzia kuzidisha. Mwalimu wa lugha naye asiiruke lugha aliyokuja nayo mtoto.