Goita na sauti yako: usisubiri sauti ipotee

Kama unaishi Tosamaganga, Kalenga au kwingineko katika mikoa ya Iringa na Mbeya, bila shaka unamfahamu mtu mwenye uvimbe shingoni. Wengine wamekaa nao miaka 20 na zaidi. Wanalima, wanabeba kuni, wanaimba kwaya, na uvimbe hauwaumi. Ndiyo maana watu huuzoea.

Lakini uvimbe uliotulia miaka yote unaweza kubadilika, na mara nyingine sauti ndiyo inayotoa taarifa. Katika kliniki za vijijini huwa nasikia maneno kama haya: "Nesi, sauti imekauka tangu wakati wa mavuno, nilidhani ni mafua." Mafua hayakaushi sauti kwa miezi. Makala hii inakueleza kwa nini goita hugusa sauti, na wakati gani uende kupimwa bila kuchelewa.

Goita ni nini?

Goita, au rovu, ni kuvimba kwa tezi ya shingo. Tezi hii iko mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, na ina umbo kama la kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoongoza matumizi ya nguvu mwilini, mapigo ya moyo, joto la mwili na ukuaji wa mtoto.

Ili kutengeneza homoni hizo, tezi inahitaji madini joto. Katika nyanda za juu, mvua za miaka mingi zimeyaosha madini hayo kutoka kwenye udongo, hivyo mahindi, maharage na mboga tunazolima huwa nayo kidogo. Tezi ikikosa madini joto hujitahidi kwa kukua. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba kuanzia miaka ya 1980 Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katika miaka ya 1990 ikaagiza chumvi ya kula iwekwe madini joto.

Si kila goita hutokana na upungufu huo. Nyingine hutokana na vinundu, kinga ya mwili kuishambulia tezi, au saratani. Goita haitokani na kurogwa, na wala haiambukizi.

Sauti inaathirikaje?

Nyuzi za sauti ni mbili, ziko ndani ya kikoromeo. Unapoongea hukutana na kutetemeka; unapovuta pumzi huachana ili hewa ipite. Goita huweza kuziathiri kwa njia tatu.

1. *Kubana.* Uvimbe mkubwa husukuma kikoromeo na njia ya hewa upande mmoja au kuzibana. Sauti huchoka haraka na pumzi huwa fupi.

2. *Kugusa mshipa wa fahamu.* Mishipa inayoendesha nyuzi za sauti hupita nyuma ya tezi, mmoja kila upande. Mshipa ukibanwa au ukivamiwa na saratani, uzi wa upande huo hulegea. Sauti huwa ya kukwaruza au yenye pumzi nyingi, na unaweza kupaliwa unapokunywa maji, kwa sababu nyuzi hazifungi vizuri.

3. *Upungufu wa homoni.* Tezi isipotoa homoni za kutosha, nyuzi zenyewe huvimba. Sauti huwa nzito na ya chini. Mara nyingi huambatana na uchovu, kusikia baridi kuliko wenzako, choo kigumu na kuongezeka uzito.

Nenda ukapimwe ukiona haya

- Sauti imekwaruza au imebadilika kwa zaidi ya wiki 3.
- Uvimbe umekua haraka, ni mgumu, au kuna matezi mengine shingoni.
- Chakula kinakwama au unapaliwa mara kwa mara.
- Pumzi inabana ukilala chali, au ukiinua mikono juu, kwa mfano unapojitwisha ndoo.

Nenda hospitali mara moja kama unavuta hewa kwa shida au pumzi inatoa mlio. Hiyo ni dharura, usisubiri asubuhi.

Utafanyiwa nini?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Utapewa rufaa kwenda hospitali, na ikihitajika, kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kanda. Vipimo vya kawaida ni damu kuangalia homoni, altrasaundi ya shingo, na wakati mwingine kuchukua chembechembe za uvimbe kwa sindano nyembamba. Kama sauti imebadilika, omba nyuzi za sauti ziangaliwe. Daktari hutumia kioo kidogo au kamera nyembamba.

Tiba hutegemea chanzo. Wengine hupewa vidonge, wengine hufuatiliwa tu, na wengine hufanyiwa upasuaji.

Kuhusu upasuaji

Wengi huogopa kwamba watatoka bila sauti. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa mishipa ya sauti iko karibu sana na mahali pa kukata. Hata hivyo, wagonjwa walio wengi hubaki na sauti yao. Baadhi hukwaruza kwa wiki au miezi kadhaa kisha hupona. Wachache hubaki na tatizo la kudumu. Kabla ya kutia saini, muulize daktari: nyuzi zangu zimeangaliwa? Itatolewa tezi yote au sehemu? Kama unaimba, mwambie, maana sauti za juu zinaweza kupungua.

Tezi yote ikitolewa, utameza vidonge vya homoni kila siku maisha yako yote. Ukiona ganzi midomoni au vidoleni, au shingo inavimba baada ya upasuaji, toa taarifa papo hapo.

Usikubali uvimbe uchanjwe wala kutobolewa nyumbani. Tezi ina damu nyingi, na kidonda chake kinaweza kuua.

Jinsi ya kujikinga

- Nunua chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto, si ya kupima isiyojulikana ilikotoka.
- Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua, moshi na unyevu. Usiioshe.
- Itie mboga ikikaribia kuiva.
- Mjamzito asikose chumvi hii. Ubongo wa mtoto tumboni unaitegemea.

Fahamu pia kwamba chumvi hukinga, lakini haiondoi goita kubwa ya siku nyingi. Kabichi nayo usiiogope, mradi unapata madini joto ya kutosha.

Kama nyumbani kuna mama, bibi au kaka mwenye goita, leo msikilize anavyoongea. Ikiwa sauti si ile uliyoizoea, msindikize kituoni wiki hii.