Polisi wa Cyangugu, mbali na uwanja wa vita

Polisi ya Taifa ya Rwanda huhesabu umri wake tangu tarehe 16 Juni 2000, sheria ilipounganisha vyombo vitatu: Jandarmeri, polisi wa komini, na wapelelezi waliokuwa chini ya Wizara ya Sheria. Kwa wilaya ya Rusizi, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, hesabu hiyo inaacha nje sura nzito kuliko zote. Vita vilivyoanza Oktoba 1990 vilipiganwa Byumba, Ruhengeri, hatimaye Kigali; huku kusini-magharibi, ng'ambo ya mto kutoka Bukavu, majeshi hayakukabiliana. Kwa hiyo askari wa hapa hawakuwa na adui wa kumsingizia. Kazi yao kubwa ilikuwa kuwalinda raia dhidi ya raia wenzao, na wengi iliwashinda, kwa maoni yangu si kwa uhaba wa bunduki bali kwa sababu ya waliyemtii. Jandarmeri iliitii Wizara ya Ulinzi, polisi wa komini alimtii mkuu wa komini, na aliyehitaji kulindwa hakuwa na pa kuwashtakia.

Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, waliokimbilia kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa uwanja wa Kamarampaka, jandarma wakiwa walinzi. Tarehe 16 watu walichaguliwa kwa orodha ya majina, wakatolewa, na wengi wao wakauawa Gatandara. Ulinzi wa aina hiyo ni zizi tu. Watetezi husema askari wachache wasingeyaweza makundi ya wanamgambo wa Interahamwe. Kambi ya Nyarushishi inakanusha. Wakimbizi waliosalia walikusanywa katika kambi hiyo, takriban 8,000, na jandarma wa Luteni Kanali Innocent Bavugamenshi, watu wa Jandarmeri ileile, waliwazuia wanamgambo hadi Wafaransa wa Operesheni Turquoise walipowasili mwishoni mwa Juni. Wengine hujibu kwamba Msalaba Mwekundu ulikuwapo na serikali ilihitaji kambi ya kuwaonyesha wageni. Huenda, lakini haja ya serikali haisimami barabarani na bunduki mkono wa mwenye panga ukiinuliwa. Alisimama askari aliyeamriwa kusimama.

Pingamizi gumu zaidi ni hili: basi sifa ni ya mtu mmoja, si ya taasisi. Nakubali kwa nusu, kwa kuwa taasisi ndiyo huamua askari anamtii nani. Sheria ya 2000 iliwatoa polisi mikononi mwa wakuu wa komini, na tangu 2017 upelelezi wa jinai umekabidhiwa taasisi tofauti, Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda (RIB). Hakuna kiongozi wa eneo anayemiliki tena polisi wake. Hata hivyo amri moja kwa nchi nzima husambaza wema haraka, na uovu vilevile. Bavugamenshi alipata nafasi ya kutenda kinyume cha wenzake kwa sehemu kwa kuwa, mwaka ule, ngazi za amri zilikuwa zimelegea.