UZI: Mtaa wa nusu ekari. Vita vya ghorofa Nairobi vilianza zamani kuliko unavyodhani

1/ Ukifuata siasa za Nairobi, hii mada huikosi. Mtaa wa nyumba za bustani unataka kugeuzwa mtaa wa maghorofa, wakaazi wanakataa. Mmoja anasema, "Hawa ni mabwanyenye, wanazuia watu kupata nyumba." Mwingine anajibu, "Mnatuharibia mtaa." Hapa sitaji chama wala mwanasiasa. Nataka turudi nyuma kidogo, kwa sababu bila historia kila upande unaficha kitu.

2/ Niseme ukweli wangu kwanza. Nimelelewa Pipeline, Embakasi, kwenye chumba ambacho taa inawashwa saa sita mchana. Mama alikuwa anapanda matatu mbili kwenda kufanya kazi ya nyumba Kileleshwa. Kwa hivyo nikisikia mtu wa Kileleshwa akilia kwamba ghorofa la jirani limemzibia jua, kuna sauti ndani yangu inasema: karibu. Lakini sauti hiyo si hoja. Twende pole pole.

3/ Reli ilifika hapa 1899, na mji ukaota kando yake. Mwaka 1902 kukazuka tauni, na soko la Wahindi likachomwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson akaja kuchunguza afya ya miji, na akapendekeza kila rangi ikae mahali pake. Ona vile ubaguzi uliingia kwenye ramani yetu: ulivaa koti jeupe la daktari.

4/ Matokeo unayajua hata kama hujawahi kuyasoma. Juu kwenye vilima na hewa safi, upande wa magharibi: Wazungu, ploti kubwa. Parklands na Ngara: Wahindi. Mashariki, kwenye tambarare karibu na reli na viwanda: Waafrika. Pumwani ilitengwa kwa ajili yao mapema miaka ya 1920. Nyumba nyingi za Eastlands zilipangwa kwa hesabu ya kitanda, si ya familia. Mwanaume alitakiwa afanye kazi mjini, kisha arudi kwao.

5/ Sasa hapa ndipo pa kushika. Mwaka 1923 waraka wa Devonshire ulikataa kutenga makaazi ya mijini kwa rangi kupitia sheria. Ubaguzi ukaisha? Wapi! Ulihamia kwenye hati za ploti: masharti ya nani anaweza kununua na nani anaweza kuishi pale, isipokuwa kama mfanyakazi. Pia ukubwa wa ploti ulifanya kazi hiyo hiyo kimya kimya. Ukisema ploti isipungue kiasi fulani, huna haja ya kutaja rangi ya mtu. Bei itasema.

6/ Halafu ukaja mpango mkuu wa 1948, ule wa Nairobi kama mji mkuu wa koloni. Waliouandika walisema wao hawaegemei upande wowote kwenye suala la kutenga watu kwa rangi, wanashughulika na mahitaji ya binadamu na ya kiufundi tu. Lakini ukipanga "kiufundi" juu ya ramani iliyochorwa kwa rangi, unaiacha rangi pale pale.

7/ Uhuru ukaja 1963. Wenye nyumba walibadilika, ramani haikubadilika sana. Mwafrika mwenye cheo na pesa alihamia kilimani, akaukuta ua umeshakatwa vizuri, akaendelea kuukata. Kwa hivyo mtu akisema leo "tunalinda sura ya mtaa wetu," muulize kwa upole: sura hiyo ilichorwa na nani, na ili kumzuia nani?

8/ Lakini msikimbie na hiyo mkasema basi tubomoe kila kitu. Kuna nusu ya pili ya historia.

Mwongozo wa maendeleo wa jiji wa 2004 uliweka Kileleshwa na Kilimani katika ukanda wa 4, ambapo fleti ziliruhusiwa, kwa sharti kwamba kuna bomba la maji taka. Lavington ikawekwa ukanda wa 5, ploti za nusu ekari. Hilo sharti la bomba lilikuwa la maana kuliko idadi ya ghorofa. Lilikuwa linasema: kwanza miundombinu, ndipo watu.

9/ Sasa hesabu. Bwawa la Ndakaini, linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, lilikamilika 1994. Sensa ya 1989 ilihesabu watu kama milioni 1.3 Nairobi. Ya 2019 ikahesabu milioni 4.4. Ploti ya familia moja ikibeba familia mia, maji yanatoka wapi? Yanatoka kwenye kisima cha kuchimbwa au kwenye boza. Na maji taka? Mengi yanateremka mashariki hadi Ruai. Kinachojengwa kilimani kinanuka upande wetu.

10/ Kwa hivyo mkaazi anayepinga kwa sababu ya bomba, barabara na maji ana hoja halali, hata kama ana bustani na mbwa watatu. Na mstawishaji anayesema "tunajenga kwa ajili ya mwananchi" naye aulizwe: mwananchi gani? Fleti nyingi zinazopanda Kileleshwa, mama yangu angeingia kwa mlango wa wafanyakazi tu. Kubadilisha ukanda hakubadilishi ramani ya 1948 kama bei inabaki ile ile.

11/ Sheria inasemaje? Katiba ya 2010 inataja ushirikishwaji wa wananchi katika Kifungu cha 10, na Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Sheria ya upangaji wa ardhi ya 2019 inamtaka anayeomba kibali cha ujenzi au kubadilisha matumizi ya ardhi autangazie umma. Kibali kikitoka na hukuridhika, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza mambo haya. Siku 14, si miezi. Wengi huamka tingatinga likiwa limeshaingia.

12/ Na hapa ndipo ninapoumia. Mtaa wa nusu ekari una chama cha wakaazi, una wakili, una mtu anayesoma matangazo gazetini. Pipeline jengo lilipanda mita chache kutoka dirisha letu, na sikumbuki tangazo wala mkutano. Sheria ni moja. Aliye na muda wa kuitumia ndiye anayelindwa.

13/ Msimamo wangu, mnaweza kunipinga: napinga kubadilisha mtaa ploti kwa ploti, kibali kwa kibali, bila mpango na bila bomba. Siungi mkono kulinda "sura ya mtaa" kama sababu pekee. Jiji linahitaji kujengwa kwenda juu, lakini kwa mpango unaosema watu wangapi, maji kiasi gani, na nyumba ngapi ni za mtu wa mshahara mdogo.

14/ Kwa hivyo mwanasiasa yeyote akija na hii mada, usimuulize kama anapenda maghorofa. Muulize haya matatu:
– Bomba la maji taka la mtaa huu linabeba watu wangapi?
– Kodi ya hizo nyumba itakuwa ngapi?
– Na swali hilo la bomba, umewahi kuliuliza Pipeline?

Mwisho wa uzi. Kama mtaa wenu umepata tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi, anzeni kuhesabu siku leo.