Usiku wa Kwanza Bwenini

Mwaka 1934 Julius Nyerere, akiwa na miaka 12, alitoka Butiama kwenda kukaa bweni katika shule ya Mwisenge, Musoma. Masomo yalikuwa kwa Kiswahili, naye alikulia Kizanaki. Kiswahili ilibidi ajifunzie hukohuko. Nimekuwa matroni, na hilo linanigusa kuliko yote ya utoto wake: tumbo linamsokota mtoto usiku, hana maneno ya kumweleza mkubwa.

Baada ya uhuru wanafunzi wengi wa sekondari walipangwa mbali na mikoa yao, taifa lishikamane. Wakafika na masanduku ya bati, macho mekundu. Mgeni nilimlaza jirani na mtoto wa kwao wiki ya kwanza, ndipo nikawatenganisha. Wenzangu walisema nadekeza. Mimi nilitaka alale kwanza, hesabu zingesubiri.