Chama Kisichomjua Kibarua: Wajibu wa Afisa wa Tawi Mashariki mwa Nairobi

Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa jamii wa Kaloleni, Makhan Singh alidai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei yeye na Fred Kubai, waliokuwa wakiongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa mwaka uliotangulia, walikamatwa. Kesho yake Nairobi iligoma. Pamoja na kutaka viongozi wao waachiliwe, wafanyakazi walidai kima cha chini cha mshahara cha shilingi 100 kwa mwezi. Mgomo huo husimuliwa zaidi kama sura ya historia ya uhuru. Kwa maoni yangu, una funzo jingine ambalo vyama vyetu vimelisahau: nguvu yake ilitoka Kaloleni, Shauri Moyo na Pumwani, mitaa ambamo watu wa kazi mbalimbali waliishi mlango kwa mlango. Afisa wa chama aliwajua wanachama wake kwa sababu aliishi nao.

Leo afisa wa tawi anajulikana zaidi kiwandani, na kazi yake huko ni nzito kuliko wengi wanavyodhani. Mfanyakazi anapokea barua ya kujieleza Ijumaa jioni, naye anatakiwa kufika mbele ya meneja Jumatatu asubuhi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlazimu mwajiri kumweleza, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kutaka kumwachisha kazi, na kinampa haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Mwakilishi anayeijua kazi yake hafiki pale kupiga kelele. Anataka kuona onyo la awali kama lilitolewa kwa maandishi, anauliza tarehe, na anaandika kila jibu. Kesi ikifika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, karatasi hizo huwa na uzito kuliko hotuba yoyote ya Mei Mosi. Tawi lenye mtu mmoja mtulivu wa namna hii lina bahati.

Lakini anayelindwa hivyo ni yule mwenye barua ya ajira. Alfajiri, watu wanatoka Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Kayole kwa miguu kuelekea Viwandani, wanasimama getini wakingoja msimamizi achague wa siku hiyo. Wapo wanaochaguliwa miezi nenda miezi rudi, kwenye mashine ileile, na bado wanaitwa vibarua. Kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya kupewa notisi. Haki ipo, kinachokosekana ni mtu wa kuhesabu siku hizo. Mwajiri hana sababu ya kuzihesabu, na kibarua anaogopa kwamba akiuliza, kesho hatachaguliwa.

Kuhesabu siku hizo ni wajibu wa afisa wa chama, na hawezi kuutekeleza getini mbele ya msimamizi. Itambidi aende Mukuru jioni na daftari, aandike tarehe, idara, jina la msimamizi na kiasi kilicholipwa, na amshauri kibarua asifute ujumbe wa M-Pesa wa malipo yake, maana mara nyingi huo ndio ushahidi pekee alio nao.

Najua jibu la makatibu wengi: kibarua halipi ada. Ni kweli kwamba mfumo wa kukata ada kwenye mshahara kupitia mwajiri unamfaa mwajiriwa wa kudumu. Ila mfumo huo umemfanya afisa amtegemee mwajiri kumletea wanachama, ilhali chama cha akina Kubai hakikuwa na mwajiri wa kukikusanyia chochote. Tena hasara inakirudia chama chenyewe. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamlazimu mwajiri kukitambua chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Kila nafasi ya kudumu inayogeuzwa kibarua inapunguza wanachama, na hatimaye tawi linakosa hata nguvu ya kudai mkataba wa pamoja kwa wale wachache waliobaki.

Makao makuu ya COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la leo, yako Barabara ya Digo, karibu na Gikomba na Pumwani. Vyama havijatoka mashariki mwa jiji, ni maafisa walioacha kupita mitaani. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini, bila kubagua kibarua. Basi wanachama, uchaguzi wa tawi ukifika, msimuulize mgombea atagoma mara ngapi. Mwulizeni anawajua vibarua wangapi wa idara yake kwa majina, na mtake awaonyeshe daftari.