Osama wa ghalani na mfuko usiopitisha hewa

Ukitaja teknolojia ya kuhifadhi chakula, wengi wetu tunafikiria friji na umeme. Leo nataka kuongea juu ya chombo kisicho na waya wala betri: mfuko wa plastiki wa kuwekea nafaka. Historia yake inatuhusu sana sisi Wakenya, na kuna watu waliopoteza maisha ndani yake.

Tuanze na ghala la zamani. Lilijengwa kwa fito, juu ya nguzo, ili upepo upite. Mahindi yaliwekwa humo yakiwa bado kwenye magunzi. Kwa hivyo ghala lilifanya kazi mbili kwa pamoja: kutunza mahindi na kuendelea kuyakausha. Fukusi walikuwepo, lakini watu waliishi nao.

Kisha akaja mgeni kutoka Mexico na Amerika ya Kati, mdudu aitwaye kisayansi Prostephanus truncatus. Alionekana Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka wa 1983 akawa ameshafika Taveta. Watanzania walimwita dumuzi. Huku kwetu, miaka mingi baadaye, akabatizwa Osama. Anatoboa hata mbao, na anayapenda mno mahindi yaliyo kwenye magunzi. Wakulima wakashauriwa kupukuchua mapema, kuchanganya punje na dawa ya unga, halafu kutia kwenye magunia. Ushauri ulikuwa wa maana, lakini tazama kilichopotea: ule upepo wa ghalani. Gunia halikaushi mahindi.

Mwaka wa 2004, hasa Makueni na Kitui, watu walianza kuugua ini. Wagonjwa 317 waliorodheshwa na 125 kati yao wakafa. Sababu ilikuwa aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi yenye unyevu. Kupika hakuiondoi. Wachunguzi waligundua kwamba nyumba zilizoathirika mara nyingi zilikuwa zimehifadhi mahindi mabichi, tena ndani ya nyumba badala ya ghalani.

Sasa turudi kwenye mfuko. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alifanya kazi Kameruni na watafiti wa huko kutafuta njia ya kuokoa kunde bila dawa. Walichopata ni tabaka tatu: mifuko miwili minene ya plastiki ndani, na gunia la kawaida la nailoni nje. Ukifunga vizuri, wadudu waliomo wanamaliza oksijeni wenyewe, kisha wanaacha kula. Utafiti wa baadaye ulionyesha jambo la ajabu: wadudu wa kunde wanatengeneza maji ya mwili kwa kutumia oksijeni, kwa hivyo bila hewa wanakufa kwa kiu! Mwaka wa 2007 ulianza mradi mkubwa wa kusambaza mifuko hiyo, iitwayo PICS, Afrika Magharibi. Baadaye ikafika Kenya, na ikatumika kwa mahindi pia.

Wazo lenyewe si geni. Wasudani wamefukia mtama kwenye mashimo ya matmura tangu zamani, wakitegemea ukosefu wa hewa uleule.

Ila mimi kama mwandishi wa programu naona hatari moja. Ukiipa programu data mbovu, itakutunzia ubovu huohuo. Mfuko nao ni hivyo. Unaua wadudu, lakini haukaushi punje, wala hauondoi sumu iliyokwisha kuingia. Ghala la fito lilikuwa na kazi mbili. Mfuko umechukua moja tu, na ile nyingine imeachiwa mkulima.

Bahati nzuri kipimo cha kwanza kipo jikoni. Chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, na hayo mahindi yarudi juani. Isipoganda, bado kipimo salama ni asilimia 13.5 kushuka chini, kwa hivyo ongeza jua kidogo au tafuta mwenye mashine ya kupimia.

Kwa hivyo mtu akiniuliza anunue nini kwanza, nitamwambia turubai la kuanikia. Mfuko ufuate.