Mbasa Hupanda, Tope Hushuka

Mvua ya Mpuguso si ya kuanua nguo na kusubiri. Upande huu wa Rungwe, jirani na mji wa Tukuyu, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na msimu ukikolea watu hulima, husomesha na kuzika humohumo ndani ya mvua. Maji hupita katikati ya migomba, chai na mianzi, huingia kwenye vijito, na vijito huishia Kiwira au Mbaka. Mito hiyo huporomoka hadi tambarare ya Kyela na kumwaga maji Ziwa Nyasa, lililo mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari.

Msimu huohuo, yuko kiumbe anayesafiri kwa upande wa pili. Mbasa, ambaye ndugu zetu wa Malawi humwita mpasa, huacha ziwa na kupanda mito kwenda kutaga. Ni samaki wa magamba ya fedha na mapezi yenye rangi ya chungwa, na aliyekomaa vizuri huweza kufikia kilo 4. Wazungu wa Nyasaland walimbatiza samoni wa ziwa kwa sababu ya safari hiyo na kwa sababu ya utamu wake, ingawa kwa nasaba hahusiani na samoni hata kidogo. Yumo katika kundi moja pana na kuyu, na ningu wa Ziwa Viktoria.

Mbasa hafiki Mpuguso. Kupanda kutoka Kyela hadi milima ya Rungwe ni kupanda ukuta. Yeye hutafuta sehemu za chini za mito, penye maji ya kasi na changarawe safi, akaacha mayai katikati ya mawe ili maji yanayopita yayapatie hewa. Kinachomfikia kutoka Mpuguso ni tope. Likitanda juu ya changarawe, mayai hukosa hewa na kufa, na mvuvi wa Kyela hatajua hasara hiyo mpaka miaka kadhaa baadaye, nyavu zinapotoka nyepesi.

Mbasa aliingia kwenye vitabu vya sayansi mapema. Mwaka 1859 David Livingstone na daktari wake, John Kirk, walifika Ziwa Nyasa wakitokea kusini. Samaki waliokusanywa na Kirk walipelekwa London, na mwaka 1864 Albert Günther akamtangaza mbasa kwa jina la kisayansi.  Daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, naye aliingia ziwani kutoka upande wa kaskazini mwishoni mwa karne hiyo. Alikusanya samaki, akapiga picha za watu na vijiji, na mwaka 1906 akachapisha kitabu kinene kuhusu nchi ya Nyasa na Ruvuma. Wakati huo boma la Wajerumani lilikuwa limeshahama ufukweni na kupandishwa Tukuyu, wakiliita Neu-Langenburg.

Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe waliokutwa na wageni hao, hawakuwa na idara ya uvuvi, ila walikuwa na utaratibu wa kuishi na maji. Kila nchi ndogo ilikuwa na malafyale, yaani chifu wake, na malafyale akifa alizikwa kwenye kichaka ambacho shoka halikuruhusiwa kuingia. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938, walikuta vichaka hivyo vikiheshimiwa na maombi ya mvua yakiendelea Lubaga, kwa Lwembe, mtemi aliyeaminiwa kuleta mvua. Isisemwe kwamba wazee walikuwa wanamazingira wa kisasa waliovaa ngozi. Walikuwa wakiheshimu makaburi. Lakini matokeo yake yalikuwa msitu uliobaki umesimama bila mgambo, na katika nchi yenye miteremko kama hii, msitu uliosimama ni udongo uliotulia.

Kisha ardhi ikaanza kubana. Chai ilijaribiwa Kyimbila, karibu na Tukuyu, mwaka 1904, na kuanzia miaka ya 1920 ikageuka biashara. Kahawa nayo ikaingia kwenye mashamba ya wenyeji. Watu waliongezeka, vijana wakaenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya Rhodesia ya Kaskazini na Afrika Kusini, na waliorudi walihitaji mahali pa kulima. P. H. Gulliver, aliyeandika mwaka 1958 kuhusu umiliki wa ardhi Rungwe, alionyesha jinsi shamba lilivyoacha kuwa kitu cha kijiji na kuwa mali ya ukoo na ya mtu binafsi. Mkulima mwenye kipande kidogo hakuwa na sababu ya kuziacha kingo za kijito zikae bure.

Waingereza kwa upande wao walitawala kupitia machifu. Sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri juu ya mambo mengi ya nchi, yakiwemo ukataji wa miti na uchafuzi wa maji. Rungwe ya wakati ule ilikuwa na kitu ambacho leo kinatamanika: wilaya moja iliyoanzia kilele cha Mlima Rungwe, karibu mita 2,960, na kuishia ufukweni Kyela. Aliyelima juu na aliyevua chini waliripoti kwa bwana mmoja wa wilaya. Kwamba bwana huyo hakuutumia mpaka huo kumlinda mbasa ni kweli. Macho ya wakoloni yalikuwa kwingine. Katika nyanda za juu za Tanganyika walileta samaki aina ya trauti kutoka ng'ambo ili wapate kuvua kwa ndoana siku za mapumziko, huku samoni wa hapa akinaswa kwa migono na uzio wa matete bila mtu kuhesabu.

Baada ya Uhuru, mto ulianza kukatwa vipande. Uchifu ulifutwa mwaka 1963. Mwaka 1972 serikali za mitaa zenyewe zikavunjwa, madaraka yakapelekwa mikoani kwa maafisa walioteuliwa, na halmashauri hazikurudi mpaka zilipotungiwa sheria mwaka 1982 na kuanza tena kazi 1984. Katika miaka hiyo ya 1970 Kyela na Ileje zilitengwa na Rungwe zikawa wilaya zinazojitegemea. Muongo wa 2010 Rungwe yenyewe ikapata halmashauri ya pili, Busokelo, na mwaka 2016 Ileje ikahamia Mkoa mpya wa Songwe. Kila mgawanyo ulikuwa na hoja nzuri: huduma karibu na wananchi. Hakuna aliyemuuliza mbasa.

Matokeo yake yanaonekana kwenye meza za ofisi. Afisa uvuvi wa Kyela hupima nyavu na kukamata vyandarua, huku changarawe ya mtoni ikiharibiwa na shamba lililo katika halmashauri nyingine. Diwani wa Mpuguso huulizwa habari za barabara, zahanati na bei ya chai. Samaki wa Kyela hawampigii kura.

Ushahidi wa tope hauhitaji darubini. Bandari ya Itungi, iliyokuwa lango la meli za Ziwa Nyasa kwa miaka mingi, ilisumbuliwa na mchanga na tope mpaka shughuli zikahamishiwa Bandari ya Kiwira. Mkulima wa juu anaweza kudhani udongo wake umepotea. Haujapotea, umekwenda kuziba njia ya meli.

Wenzetu wa Ziwa Viktoria wangeweza kutusimulia mwisho wa hadithi hii. Ningu alipanda Nzoia na mito mingine kwa makundi makubwa, akawa kitoweo cha nchi nzima, mpaka nyavu za kisasa zilipotegwa midomoni mwa mito. Kufikia miaka ya 1960 watafiti walikuwa wakieleza jinsi uvuvi wake ulivyoporomoka Nzoia. Samaki anayepita mlango mmoja kila mwaka ni rahisi kumalizwa.

Jambo la kutia moyo ni kwamba Tanzania ilikwisha kuchora mpaka unaomfaa mbasa. Sheria ya maji ya 1974 ilirekebishwa mwaka 1981 na nchi ikagawanywa katika mabonde 9, kila bonde likifuata mkondo wa maji badala ya mpaka wa mkoa. Bonde la Ziwa Nyasa linagusa mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, na makao ya ofisi yake yako Tukuyu, jirani kabisa na Mpuguso. Sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya 2009 iliongeza jumuiya za watumia maji, ambamo wananchi wa kijito kimoja hukaa pamoja. Mwaka huohuo msitu wa Mlima Rungwe, makazi ya kima kipunji ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005, ulipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Kwenye Mto Songwe, Tanzania na Malawi zilikubaliana mwaka 2017 kuunda kamisheni ya pamoja. Inachekesha kidogo kwamba nchi mbili zenye mzozo wa mpaka ziwani zimewahi kukaa meza moja juu ya mto.

Sheria ya mazingira ya 2004 ndiyo inayouma zaidi. Inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwenye karatasi ni sawa. Mpuguso, ambako vijito viko karibukaribu na shamba la familia linaweza kuwa chini ya ekari, mita 60 kila upande humeza shamba lote pamoja na nyumba. Ndiyo maana kazi inayowezekana ni ile ndogo: kung'oa mikaratusi kwenye chemchemi na kupanda miti rafiki wa maji, kulima kwa matuta yanayokinga mteremko, kuacha mianzi ishike kingo. Kazi hiyo ina gharama, na faida yake kubwa inavunwa Kyela.

Hapo ndipo Wamarekani wa Puget Sound walipofikiri vizuri. Samoni wao aitwaye chinook alipoorodheshwa na serikali kuu mwaka 1999 kuwa hatarini, miji na kaunti za mabonde yanayozunguka Seattle zilitia saini mikataba ya kuchangia gharama kulingana na bonde, wa juu na wa chini kwa pamoja. Hawakusubiri wilaya ziunganishwe upya.

Madiwani wa Rungwe, Busokelo, Kyela na Ileje nao wasisubiri. Ofisi ya bonde iko Tukuyu na jumuiya za watumia maji zinatambuliwa na sheria. Katika bajeti ijayo kila halmashauri itenge fungu la pamoja la Kiwira na Mbaka, Kyela ichangie miche inayopandwa Mpuguso, na afisa uvuvi aalikwe kwenye vikao vya wakulima wa juu kabla ya mvua za Novemba.